Kumtoa moyoni mtu asiyekupenda: mwongozo wa fundi cherehani, shabiki wa ngumi, Moshi

Kibanda cha kunyolea cha baba yangu, Pasua, kilikuwa na picha moja tu ukutani: Muhammad Ali, kifua wazi, glavu zimeinuliwa, karatasi imegeuka njano kwa miaka. Nimekulia chini ya picha ile. Nilimpenda Ali kabla sijajua Marekani iko upande gani. Alipofariki, tarehe 3 Juni 2016, nililia kama niliyefiwa na mjomba, na kesho yake nikafungua kibanda changu cha cherehani kama kawaida.

Miaka hiyohiyo nilikuwa nampenda mwanamume mmoja hapa mjini, mteja wangu, ambaye hakunipenda. Huyo alinila miaka mitatu. Nilikonda. Nilikata vitenge vya watu vibaya kwa sababu mawazo hayakuwa mezani. Nilikuwa namjibu mama yangu kwa ukali bila kosa lolote.

Nimejiuliza sana jambo hili. Wote wawili hawakunipenda, na Ali hakujua hata kama nimezaliwa. Kwa nini penzi moja lilinijenga na lingine likanibomoa? Nilichokuja kukiona ni kwamba kwa Ali sikuwa nasubiri kitu. Nilimtazama, nikafurahi, nikaondoka nimeshiba. Kwa yule bwana nilikuwa nasubiri kila saa: simu, salamu, mlango kufunguliwa. Hatua ninazoandika hapa zote zinalenga kukufundisha kuacha kusubiri.

Hatua ya kwanza: uliza mara moja, kwa maneno

Wengi wanaoumia hawajawahi kukataliwa. Wanaishi kwa dalili: kajibu haraka, kaweka kopa, kaniulizia kwa rafiki yangu. Pambano haliishi mpaka refa ainue mkono wa mmoja, kwa hiyo nenda kaulize. Uliza mchana, ana kwa ana, mahali penye utulivu. Usiulize kwa ujumbe wa usiku wa manane. Maneno machache yanatosha: "Nimekuwa nakupenda kwa muda. Nataka kujua kama na wewe unanipenda hivyo, na ukisema hapana nitakuelewa." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana utatamani kuchekacheka na kusema ulikuwa unatania. Usiseme hivyo. Utajirudisha gizani ulikotoka.

Mimi nilimuuliza palepale kibandani, amekuja kuchukua suruali mbili nilizompunguza kiuno. Alizitazama suruali kwa muda, akazikunja upya ingawa nilikuwa nimeshazikunja, akasema, "Dah. Wewe mimi nakuchukulia kama dada yangu kabisa." Akalipa, akasema chenji nibaki nayo.

Hapana ya Kiswahili mara chache inakuja uchi. Inakuja imevaa: kama dada yangu, kama kaka yangu. Sasa hivi nina mambo mengi. Tuombe Mungu. Tutaongea. Ujumbe umesomwa, tiki mbili za bluu, na siku nne zimepita. Akufukuzaye hakwambii toka. Yote hayo yahesabu kuwa hapana, hata kama yamesemwa kwa upole, na hasa kama yamesemwa kwa upole, maana upole ndio unaotudanganya kwamba mlango umebaki wazi kidogo.

Ukishajibiwa, usiulize tena. Hili nawaambia hasa kaka zangu: dada akisema hapana, kumvizia kituo cha daladala jioni au kutuma marafiki wakakusemee ni kumsumbua. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Hatua ya pili: kubali matokeo usiku uleule

Kila mteja mpya akikaa kwenye kiti cha baba, alisimuliwa pambano moja. Tarehe 8 Machi 1971, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Ali na Joe Frazier, wote hawajawahi kupigwa. Raundi 15. Katika raundi ya mwisho Frazier akaachia ngumi ya kushoto, Ali akaenda chini chali, vishada vyekundu vya viatu vyake vikaruka juu. Aliinuka ndani ya sekunde chache, akamaliza raundi amesimama, taya limevimba. Waamuzi wote watatu wakampa Frazier ushindi.

Hapo baba alikuwa akisimamisha mkasi. "Alipigwa," alisema. "Usiniambie aliibiwa. Alipigwa, na aliinuka."

Hiyo ndiyo kazi ya usiku wa kwanza. Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani: hanipendi. Usitafute mchawi, usitafute nani kamwambia maneno, usiseme kwamba angekuwa na akili angekuona. Lia, kulia hakuna aibu. Kula kitu, hata uji. Simu iache chumba kingine, au mpe mdogo wako alale nayo. Na kama usiku huo utajisikia hutaki kuishi tena, usisubiri kukuche: mwamshe mtu wa nyumbani, akupeleke hospitali. Hilo linatibika kama malaria inavyotibika.

Lakini kuna mahali ngumi na mapenzi zinaachana njia, na ni lazima nipaseme. Ali alirudiana na Frazier tarehe 28 Januari 1974, akamshinda kwa pointi. Watu wanapenda kuichukua hadithi hiyo na kuiweka kwenye mapenzi: jifue, pendeza, pata hela, halafu rudi umwonyeshe. Mimi niliichukua hivyo mwaka mzima. Nilisuka, nilinunua viatu, nilijifunza kupika machalari jinsi mama yake anavyoyapika. Pambano la marudiano linafanyika kwa sababu mabondia wote wawili wamesaini mkataba. Yule bwana hakuwa amesaini kitu.

Hatua ya tatu: siku 30 nje ya ulingo

Kwenye ngumi za ridhaa, bondia aliyepigwa KO ya kichwa, yaani kaangushwa pambano likaishia hapo, anazuiwa kupigana kwa siku zisizopungua 30. Akipigwa KO tena ndani ya miezi mitatu, zuio linakuwa siku 90. Yeye mwenyewe atakwambia yuko sawa, anaruka kamba, anacheka. Daktari hamsikilizi, kwa sababu ubongo unaweza kuwa umeumia na mwenyewe hajui. Ngumi ndogo juu ya jeraha lile inaweza kufanya mabaya kuliko ile kubwa ya kwanza.

Kwa hiyo jiwekee siku 30, na ufuate kama amri ya daktari. Kwenye WhatsApp nyamazisha status zake, zisijitokeze juu. Mazungumzo yenu yafute, na kama moyo unakataa, yaweke kwenye kumbukumbu mahali usipoyaona ukifungua simu. Namba iandike kwenye karatasi, mpe mtu unayemwamini, kisha ifute. Hutaki kumwona mtandaoni kwa namna yoyote, wala kupitia simu ya rafiki yako. Na njia za mjini zibadilishe. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya ofisi yake kila asubuhi, ingawa njia ile ilikuwa inanizungusha dakika kumi nzima, na nilikuwa najiambia nafuata mwembe ulioko pale kwa ajili ya kivuli. Saa moja asubuhi, kivuli cha nini?

Kalenda yangu niliitundika juu ya cherehani, ile ya dukani yenye picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kila jioni nikifunga nilipiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo. Siku ya 11 nilishindwa. Alikuwa amebadilisha picha ya wasifu, dada mmoja jirani akaitaja, nikaomba simu yake nikaiangalia: amesimama kando ya mtu ambaye amekatwa kwenye picha, limebaki bega tu, bega la mwanamke. Usiku mzima nilikuwa na lile bega. Asubuhi nilifuta mistari yote 11, nikaanza moja. Usijidanganye kwa kuendelea kuhesabu pale ulipoangukia. Anza upya, bila kujitukana.

Hatua ya nne: chagua mtu wa kukaa kwenye kona yako

Pambano la tatu la Ali na Frazier lilikuwa Manila, Ufilipino, tarehe 1 Oktoba 1975, asubuhi, kwenye joto la kutisha. Baada ya raundi ya 14 macho ya Frazier yalikuwa yamevimba kiasi kwamba haoni ngumi zinakotoka. Alitaka kuendelea. Ilibaki raundi moja. Kocha wake aliyekuwa kwenye kona yake, Eddie Futch, akakataa, akamkalisha, akamwambia refa basi. Futch alikuwa ameshaona mabondia wakifa kwa ngumi. Frazier hakutaka kukubali, lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake.

Ukiwa unampenda mtu huwezi kuwa kocha wako mwenyewe. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu, umpe ruhusa ya kukwambia basi. Asiwe yule rafiki anayekuletea habari zake. Asiwe mtu atakayekwambia unachotaka kusikia. Na asiwe mganga. Yale matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, kumrudisha mpenzi ndani ya siku tatu, yanaishi kwa machozi ya watu wa namna yetu. Limbwata hata kama lingefanya kazi, ungekuwa unalala na mtu ambaye umemfunga kamba. Hela hiyo nunua mchele.

Kona yangu alikuwa shangazi yangu wa Kibosho. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya ibada, nikiwa na wazo ambalo rafiki yangu alinitia kichwani: nimpelekee yule bwana sale. Kwetu Uchagani sale ni jani zito. Ukimkosea mtu ukamtumia sale, ni vigumu sana akukatalie msamaha. Watu wamepatanishwa kwa jani hilo baada ya ugomvi wa miaka. Nikafikiri, kama linalainisha hasira, labda linalainisha na moyo.

Shangazi hakucheka. Aliacha ndizi alizokuwa anamenya, akafuta mikono kwenye kitenge, akanipeleka mpaka mwisho wa kihamba, shamba letu la nyumbani, kwenye ule mstari wa masale yaliyopandwa mpakani na jirani.

"Sale linaombea msamaha," alisema. "Hujamkosea. Na yeye, mwanangu, hajakukosea. Unataka kumwombea nini? Hebu tazama hili hapa linafanya kazi gani."

Nikalitazama. Lilikuwa linaonyesha shamba letu linaishia wapi. Ng'ambo yake kulikuwa na kahawa ya mtu, imepaliwa vizuri, na haikuwa yetu.

Tulirudi tukapika mtori. Hakusema tena habari hiyo siku ile, ila tangu siku hiyo, kila nikimpigia simu nikaanza "unajua leo nimesikia kwamba yeye…", alinikata: "Basi." Nilimkasirikia mara nyingi. Nilikuwa nimempa ruhusa mwenyewe.

Hatua ya tano: mwili upewe kazi

Hii ni fupi. Moyo ukikosa kazi unatafuna mwili, kwa hiyo jifue kama bondia. Nunua kamba. Ikanyage katikati kwa mguu mmoja. Vishikio vikifika kwapani, urefu unakutosha. Ruka dakika 3, pumzika dakika 1, kama raundi za ngumi za kulipwa za wanaume. Ukiona nyingi, ruka dakika 2, ambazo ndizo raundi za wanawake. Wiki ya kwanza raundi tatu zinatosha, kisha ongeza moja kila wiki. Ruka kwa ncha za miguu, magoti yamelegea, kamba izungushwe na vifundo vya mikono, si mikono mizima.

Fanya alfajiri. Hapa Moshi alfajiri ndiyo saa ya Mlima, kabla mawingu hayajapanda kuufunika. Nilikuwa narukia uani, Kibo iko juu ya bati la jirani, nyeupe, na kwa dakika 3 nilikuwa sina nafasi ya kumfikiria mtu yeyote. Ndizo dakika za kwanza nilizozipata.

Hatua ya sita: geuza penzi liwe heshima

Siku 30 zikipita salama, unaweza kuanza kazi hii. Kabla ya hapo usijaribu, itakurudisha nyuma.

Mwaka 1980, mwezi Februari, Ali alikuja Tanzania. Rais Carter wa Marekani alikuwa amemtuma aishawishi Afrika isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ilikwenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Baba yangu wakati huo alikuwa kijana. Mtu aliyempenda kuliko wote duniani alikuwa Dar es Salaam, na kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na nauli hakuwa nayo. Alikaa kwenye redio. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama aliumia. Alifikiri. "Alifika nchini kwangu," alisema. "Mimi ile ilinitosha." Alizungumza vilevile anavyosema mvua imenyesha.

Nilitaka kuwa na moyo ule kwa yule bwana, na nilijifundisha hivi. Chukua karatasi. Upande mmoja andika yale unayoyastahi kwake ambayo yangekuwepo hata kama usingezaliwa. Mimi niliandika: anamlea mdogo wake, hadai chenji, akiahidi Jumanne, anakuja Jumanne. Upande wa pili andika kasoro zake, kwa haki, bila chuki. Baba alimpenda Ali na hakuficha kwamba Ali alimtukana Frazier vibaya, akamwita sokwe mbele ya dunia nzima, na kwamba lilikuwa kosa. Ushabiki wa mtu mzima unaona yote mawili. Penzi linalosubiri linaona upande mmoja tu.

Kisha soma upande wa kwanza, kila sifa ujiulize: je, naweza kuwa nayo mimi? Ali alikataa kwenda vita vya Vietnam mwaka 1967, akavuliwa mkanda wa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupanda ulingoni, katika umri ambao bondia yuko kwenye ubora wake. Siwezi kuwa Ali, lakini naweza kukataa jambo moja dogo ninalojua ni baya. Kwa yule bwana nilichukua Jumanne yake. Tangu hapo nguo ya mteja ikiahidiwa siku fulani, inatoka siku hiyo. Wateja wangu wameongezeka, na ninajua nilijifunza kwa nani.

Tahadhari moja kwa walio mashabiki kama mimi. Usihamishe kiu yako kutoka kwa mwanamume wa mtaani ukaipeleka kwa bingwa. Kama unamwandikia bondia kila siku kwenye Instagram, unasubiri akujibu, unachukia mke wake, hujatoka popote. Rudi hatua ya tatu, na siku 30 zako ni za kutomfungua bingwa huyo.

Hatua ya saba: vitu vyake

Vya thamani rudisha, kwa kumpa mtu apeleke. Zawadi ndogo tumia au gawa. Usichome kitu, moto unafanya jambo liwe kubwa. Nilikuwa na kifungo cha shati lake kwenye kopo la vifungo, nimekihifadhi pembeni ndani ya karatasi. Nilikitoa kwenye karatasi, nikakichanganya na vingine.

Hatua ya nane: siku kadi itakapokuja

Moshi ni mji mdogo na Arusha si mkubwa sana. Mtakutana. Jiandae kwa salamu yenyewe, ifanyie mazoezi: "Habari za siku nyingi? Mama hajambo? Haya, nimefurahi kukuona." Kisha endelea na safari yako. Usisimame zaidi ya hapo kwa miezi ya mwanzo.

Na jiandae kwa kadi ya mchango. Kwetu huku mtu akioa, mji mzima unachangia, na wewe uliyekuwa "dada yake kabisa" utaletewa kadi yenye jina lako. Changia kiasi ambacho ungemchangia mteja yeyote wa kawaida. Usitoe kikubwa kuonyesha kwamba huumii, na usikatae. Ahadi yako ilipe mapema, iishe. Ukumbini si lazima uende. Kama utakwenda, nenda na mtu wa kona yako, kaa meza ya karibu na mlango, na ukiona koo linabana, toka, hakuna atakayekuhesabu.

Mimi ukumbini sikwenda. Lakini wiki tano kabla, mchumba wake alikuja kibandani na kitenge cha sendofu, vipande sita, ameelekezwa na yeye kwamba mimi nikiahidi siku, nguo inatoka siku hiyo. Aliingia, akanipa shikamoo kwa sababu nimemzidi umri, nikaitikia. Nilitoa futi shingoni. Bega lake lilikuwa inchi kumi na tano. Nililiandika daftarini, nikamuuliza kama anataka mikono mirefu au mifupi, akasema mifupi, kuna joto.